Malalamiko Dhidi ya Kak Rotua, Anayeendesha Majaribio Yasiyoalikwa

Yogyakarta,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwa Pak Hardjito,
Mkurugenzi, na baba yetu sote wa ghorofa ya pili
(Nakala: Bu Wening wa Utumishi, ambaye najua ataisoma kabla yako)

YAH: OMBI LA KUMHAMISHA KAK ROTUA KABLA HAJATUMALIZA

Pak Hardjito ninayekuheshimu,

Naomba radhi kukusumbua katika wiki hii ya baraka, wakati kesho tunaikabidhi programu yetu kwa kliniki ya figo ya Sekar Waras. Najua siku hiyo hukuiokota tu kwenye kalenda. Ni Alhamisi ya Legi, umeitafuta kwa hesabu za siku za soko kama walivyofanya wazee wako walipoozesha, na tumpeng imeshaagizwa, mlima mzima wa wali wa manjano. Nisingeandika hata neno kama jambo hili lisingekuwa limenifika hapa. Limenifika hapa, Pak.

Nianze na kazi yenyewe, si kwamba umeisahau, bali kwa sababu Bu Wening atauliza. Kliniki ile husafisha damu za watu ambao figo zao zimechoka. Mpaka leo wanatumia kadi za karatasi, na wauguzi wanamjua kila mgonjwa kwa sura. Kuanzia kesho programu yetu ndiyo itakayoiambia mashine: huyu ni fulani, uzito wake halisi ni huu, basi mtoe maji kiasi hiki. Na ili programu isiseme upuuzi tumeiandikia majaribio, mamia kwa mamia. Hivyo ni vijiswali ambavyo kompyuta inaiuliza programu kisha inasubiri jibu. Jibu likiwa sawa, skrini inaonyesha kijani. Lisipokuwa sawa, inaonyesha rangi nyingine.

Mama yangu mzazi ni mgonjwa wa pale, kila Jumatatu na Alhamisi. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akasema Pamungkas hana uchungu. Uchungu ninao. Nisichokuwa nacho ni kelele.

Sasa, kuhusu ile rangi nyingine. Sisi watu wa hapa tumelelewa. Mtu akikuuliza kama umeoa humjibu hapana, kana kwamba umembamizia mlango usoni. Unamjibu bado. Umejenga? Bado. Umeacha sigara? Bado. Nina mjomba mzee, hana mke wala dalili ya mke, meno yenyewe yamemkimbia, na kila Idi shangazi zangu wakimuuliza jibu lake ni bado, na wote wanakula kwa amani. Kwa msingi huohuo wa adabu nilifanya lile jambo ambalo wewe mwenyewe ulilipongeza mbele ya watu. Majaribio yote yenye tabia ya kuonyesha rangi nyingine niliyawekea alama BADO. Kisha nikaandika kijiprogramu, nikakiita Mchaguzi, ambacho kila asubuhi kinasoma zile alama na kuendesha majaribio yaliyochaguliwa tu. Yenye BADO yanapitwa kimyakimya bila kuaibishwa. Tangu siku hiyo skrini kubwa ya pale mapokezi imekuwa kijani kitupu kama shamba la mpunga, presha yako imeshuka, na wewe ulisema, nanukuu, "Mas Pamungkas, hivi ndivyo kazi inavyofanywa." Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Nililifunika, Pak, na alikuwa anapita vizuri tu.

Ndipo tukaletewa dada huyu, Kak Rotua, kutoka Medan, ng'ambo ya bahari, ambako watu husema wanachokiona. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ulimi wake. Siku ya kwanza, hajaonja hata chai, alikaa kwenye kompyuta, akayaangalia majaribio yenye BADO, akaniita kutoka upande wa pili wa chumba kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya ziwa: "Mas, mbona haya yameanguka?" Nikamwelewesha kwa upole kwamba hayajaanguka, ni bado. Akasema, "Wewe hujaoa, hiyo ndiyo bado. Hili limeanguka. Liko chini hapa, nalitazama." Watu wakacheka. Mas Jarot, mwenzangu wa majaribio, alicheka mpaka kerupuk, zile chipsi za kamba, ikampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Sikuajiriwa niwe kitoweo cha watu, Pak, tena na mtu aliyekuja juzi.

2. Kuendesha majaribio ambayo hayakualikwa. Ndani ya Mchaguzi kuna mstari mmoja ninaojivunia kuliko yote. Unasema: endesha yote isipokuwa yenye BADO. Kak Rotua aliuchukua, akafuta maneno mawili tu, akaacha: endesha yenye BADO. Kazi yangu ya wiki mbili akaigeuza nje ndani kama soksi. Sasa kila asubuhi kabla sijavua kofia ya pikipiki, Mchaguzi wake ameshawakusanya wale wote niliowastiri, amewapanga mstari mmoja na kuwauliza maswali mpaka waseme. Matokeo anayachapisha na kuyabandika kwenye chupa ya chai ya watu wote. Mtu hawezi kumimina chai bila kusoma habari mbaya. Nilimwambia, "Kak, mbona unachagua yale mabaya tu?" Akanijibu, "Mas, ukipoteza ufunguo unautafuta mahali ambapo umeshauona?" Nimelifikiria jibu hilo kwa siku kadhaa na bado sijaona maana yake.

3. Lile jaribio moja alilolishupalia. Linauliza hivi: wakija wagonjwa wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, programu itawatofautisha? Kak Rotua anadai haiwatofautishi. Lakini ni nani kati yetu asiyejua kwamba wazee wetu wana jina moja tu, basi, na kwamba karani wa zamani akikosa tarehe ya kuzaliwa aliandika tarehe thelathini na moja Desemba, akaenda zake? Nusu ya wilaya ya Bantul ilizaliwa siku hiyo. Kak Rotua, ambaye ana jina, ukoo, na historia ya ukoo kurudi nyuma mpaka gharika, anashangaa. Aliniuliza kwa nini programu isimtafute mgonjwa kwa namba ya kitambulisho. Nikamjibu kwamba nilionelea si adabu kumdai bibi mgonjwa namba kana kwamba ni mshukiwa kituoni. "Kwa hiyo umeamua kumheshimu mpaka kaburini," akasema.

Hapa, Pak, nadhani ni haki nikueleze kilichomkasirisha. Zamu ya Alhamisi ina kina Ngatinem wawili. Mmoja anauza jamu, zile dawa za mitishamba za kunywa, katika soko la Imogiri, mama mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Wa pili ni mama yangu, ambaye feni ikiwashwa inabidi nimshike asipeperuke. Wote ni wa thelathini na moja Desemba, mwaka uleule, karani yuleyule. Programu inawaona kuwa mtu mmoja. Mimi naona hapo undugu. Kak Rotua anaona kwamba muuza jamu akichujwa kwa uzito wa mama yangu watamkausha mpaka moyo usimame, na mama yangu akichujwa kwa uzito wa muuza jamu maji yatabaki yampande mapafuni. Hivyo ndivyo anavyoongea, asubuhi, watu wakinywa chai.

4. Wageni. Ijumaa iliyopita walikuja watu wa kliniki, wakiongozwa na muuguzi mkuu, Suster Yustina, na wewe ulivaa ile batiki ya hariri. Niliwasha skrini kubwa mwenyewe. Ilikuwa kijani tupu, ungedhani unatazama kitanda cha mwani. Ukawa unaeleza kuhusu ubora. Katikati ya ubora, Mchaguzi wa Kak Rotua akaingia bila hodi, na skrini nzima ikawa nyekundu yenye maandishi meupe. Suster Yustina akauliza, "Samahani, Pak, hiyo nyekundu ni nini?" Nami daima nitakumbuka utulivu wako. Ulitabasamu ukasema, "Nyekundu na nyeupe, Suster. Bendera yetu." Alianza kuitikia kwa kichwa, Pak. Alikuwa ameshaanza. Ndipo Kak Rotua, ambaye hakuulizwa na mtu, akasema, "Bendera gani, Pak? Hilo ni jaribio la wagonjwa wawili wa jina moja, na limeanguka."

Suster Yustina alisema "Oo." Si neno baya, lakini lilikuwa refu. Kisha akauliza ni lini litarekebishwa, nawe ukamjibu, kama mtu mwenye malezi, kwamba ni bado kidogo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, wakaondoka bila kugusa keki za wali. Huko ndiko kumwaga mtama kwenye kuku wengi, na mimi ndiye niliyebaki nazikusanya zile keki.

5. Ugonjwa huu unaambukiza. Mas Jarot sasa anasema hapana. Juzi nilimuuliza kama amemaliza sehemu yake, akaniambia, "Hapana, na sitamaliza wiki hii." Nilikosa pa kutazama. Bu Parti wa kantini, ambaye miaka yote ukimuuliza gudeg, ule mchuzi wa fenesi, hujibu bado hata kama sufuria imeshaoshwa na kuanikwa, jana alinitolea macho akasema, "Imeisha." Nilikula tempe ya soya iliyopoa peke yangu. Hata mlinzi wa getini nilimuuliza kama mvua itanyesha, akasema hajui. Mlinzi, Pak. Tukifika mahali pa kukiri kwamba hatujui, hii si kampuni tena, ni mahakama.

Nimemaliza kulalamika. Sasa maombi, maana mlalamishi asiye na dawa ni mpiga kelele, na mpiga kelele tunaye tayari.

Naomba kwanza Kak Rotua ahamishiwe tawi letu la Ambon leo hii, kabla ya makabidhiano. Najua tawi hilo bado halijafunguliwa. Ndiyo maana nalipendekeza.

Naomba pia kazi ya Mchaguzi wangu ipanuliwe, maana imebanwa kwenye majaribio tu ilhali hekima yake inatosha jengo zima. Kengele ya moto, kwa mfano: isilie ila kwa moto tulioupitisha. Malalamiko ya wateja: yasomwe yale yanayoanza na asante. Hii barua yangu bila shaka ingepita.

Na kwa kuwa Kak Rotua anasema haiwezekani jaribio hilo liachwe limeanguka na wagonjwa hao wabaki salama, nami nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito, nimeona njia ya wazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Jaribio tumeshalichuja. Tuwachuje na wagonjwa. Kliniki iwahudumie wagonjwa waliochaguliwa, wale ambao programu inawaelewa: wenye majina mawili au zaidi, waliozaliwa tarehe inayoaminika, ikiwezekana wasiofanana na mtu. Wengine tusiwaambie hapana, Mungu apishe mbali. Tuwaandikie BADO kwenye kadi zao, wakae pale kwenye viti vya plastiki, waletewe chai ya tangawizi, na skrini ya kliniki itabaki kijani siku zote. Wale wa bado wenyewe baada ya muda hawatalalamika.

Kwa upande wangu nimeshaanza kujitolea. Nilimshauri mama aongeze jina la pili, awe Ngatinem Permatasari, ili programu isisumbuke. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema jina lake alipewa na babake na linamtosha. Wazee ni wagumu, lakini nitaendelea kumsihi.

Pak, mimi si mtu wa makuu. Nataka kuja kazini asubuhi, niione kijani, nikuone wewe umetulia, nile chakula changu. Kama hilo ni kosa, basi nchi nzima ina kosa. Kesho wageni watakuja, wali wa manjano utakatwa, mkono wako utashikana na mkono wa Suster Yustina, na picha itapigwa. Naomba katika picha hiyo asiwepo mtu wa kusema limeanguka.

Natanguliza shukrani na unyenyekevu wangu wote. Nisalimie Ibu mkeo, wasalimie watoto na wakwe, msalimie dereva Pak Wagiyo na goti lake, na wasalimie wale njiwa wako walioko kwenye tundu la barazani, hasa yule anayeshinda mashindano. Bu Wening, kama umefika hapa, na wewe salamu.

Wako mtiifu,
Pamungkas
(jina ni hilo moja tu)
Idara ya Majaribio, ghorofa ya pili

TANBIHI, jioni hiyohiyo. Barua hii niliibeba nyumbani ili niinakili kwa mwandiko mzuri. Nilimkuta mama anapanga mfuko wake wa kesho: blanketi dogo, maana chumba cha mashine kina baridi, soksi, na pipi za tangawizi za kuwagawia wenzake. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Le, mwanangu, ile programu yenu ya kesho iko tayari?"

Nikamjibu alivyonilea. "Bado, Bu."

Akasimama hapo na soksi mkononi. Kisha akalitoa blanketi kwenye mfuko, akalikunja, akalirudisha kabatini. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Siendi kesho. Bado yako ni hapana. Mimi ndiye niliyekufundisha kulisema, unadhani sijui maana yake?" Nikaanza kumweleza kuhusu asilimia na kijani. Akanikatiza. "Niambie wewe kama mwanangu. Kesho mashine itanijua mimi ni nani?"

Pak, nilisimama pale mlangoni nimevaa kofia ya pikipiki kichwani, na sikuweza kusema ndiyo. Nilijaribu.

Asipokwenda kesho, Jumatatu ijayo hataiona. Miguu yake imeshavimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Akienda, programu itamchuja kwa uzito wa mwenzake. Mimi nimeyajua haya mwezi mzima na nimeyaandikia alama.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika hapo juu naomba usiyatekeleze, hata lile la kengele ya moto. Programu isiende kliniki kesho. Waendelee na kadi za karatasi, na wali ule usubiri Legi nyingine, kama Mungu akipenda. Kak Rotua asihamishwe popote. Nimempigia simu, nikategemea atanicheka, hakucheka. Aliuliza tu, "Niendeshe yapi, Mas?" Nikamwambia yote. Akasema yuko njiani na kompyuta yake.

Sikupata muda wa kuandika barua nyingine, ndiyo maana umepewa hii. Tumeileta wenyewe, tuko barazani kwako hapa karibu na tundu la njiwa, mimi na yeye, na Suster Yustina anasubiri kwenye simu. Tunahitaji jibu lako sasa hivi. Kama ni hapana, Pak, tafadhali toka nje useme hapana.